Kripto Haina 456

Pesa ya kwanza iliingia usiku wa Alhamisi, nikiwa nafunga kibanda. Shilingi 5,000. Nilikuwa nimezitoa kwenye apu ya kuwekeza kwa USDT, sarafu ya kripto, nikamuuzia mtu, na ujumbe wa M-Pesa ukalia simuni kabla sijamaliza kushusha mlango wa bati. Nikasimama pale Mwembe Tayari, Mombasa, kufuli mkononi, nikajiambia: kumbe ni kweli.

Naanza na hiyo 5,000 kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Watu wakisimulia walivyotapeliwa huanza na siku pesa zilipopotea. Kwangu siku hiyo ilikuwa ya mazishi tu. Ugonjwa uliniingia siku niliyolipwa.

Aibu yangu ina tabaka mbili. Ya kwanza ni kwamba mimi ni wakala wa M-Pesa. Mwaka wa tisa huu nakaa nyuma ya dirisha la waya, na dirishani hapo nimeona kila rangi ya utapeli. Nimemshika mkono mzee aliyekuwa anatuma elfu nane kwa “askari” aliyedai kamkamata mwanawe. Nimemrudisha nyumbani dada aliyekuwa analipia mzigo wake eti umekwama bandarini, ilhali hajawahi kuagiza mzigo maishani. Tabaka la pili ni kwamba mwezi Aprili 2025, soko la kripto la CBEX lilipoanguka Nigeria na kuwaacha hata Wakenya mikono kichwani, nilisoma habari zile nikanywa chai. Jukwaa liliahidi kuongeza pesa mara mbili kwa mwezi, kisha likafunga mlango wa kutoa, kisha likawataka watu walipe dola 100 au 200 zaidi ili “wahakikiwe”. Nilicheka. Nilisema kwa sauti, wateja wakinisikia: mtu mzima anaingiaje huko?

Mwezi Juni mimi nilikuwa ndani ya dude jingine la sampuli hiyo hiyo.

Niliingiaje? Niliingizwa na binamu yangu. Hakuna mgeni aliyenipigia simu, na sikuona tangazo lolote. Binamu anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, hana deni na mtu, akikuahidi jambo analifanya. Alituma picha ya kioo cha simu yake kwenye kundi letu la ukoo, halafu ujumbe wa sauti wa dakika nne, anaeleza taratibu, hana haraka. Na nataka nimtendee haki: hakusema uongo hata mmoja. Aliweka, akavuna, akatoa, akanunua pikipiki iliyotumika. Pikipiki tumeiona kwa macho yetu. Methali inasema kikulacho ki nguoni mwako, ila haisemi kwamba nguo yenyewe haina habari kuwa imebeba chawa.

Hapa ndipo mashauri mengi ya kujikinga na matapeli yanapokosea, naona mimi. Tunaambiwa tusimwamini mtu tusiyemjua. Sawa, nani anamwamini? Utapeli huu haukutegemea mtu nisiyemjua. Ulitegemea kwamba namjua binamu tangu tukiogelea wote pale Mama Ngina. Yule aliyeutengeneza, popote alipo, alinunua uaminifu wa miaka thelathini kwa bei ya pikipiki moja kuukuu.

Ngoja nieleze mtambo wenyewe ulivyokuwa, maana utaukuta tena ukiwa na jina jingine na rangi nyingine. Unajisajili kwa linki ya aliyekualika. Bila mwaliko huingii, na hilo hukufanya ujione umependelewa. Unapewa anwani ya kuwekea USDT, sarafu ambayo thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani. USDT unanunua kwa mtu, unamlipa kwa M-Pesa. Halafu mara mbili kwa siku, saa tisa alasiri na saa mbili usiku, kiongozi anatuma msimbo kwenye kundi la Telegram. Unaunakili, unaubandika, unabonyeza, unangoja. Mshale unapanda. Dakika chache baadaye salio limeongezeka asilimia moja. Asubuhi yako haijaharibika, biashara yako haijasimama, na kwa siku umepata asilimia mbili.

Ule ubonyezaji ndio ulionivutia zaidi ya faida yenyewe. Kama wangeniambia “tupe pesa, tutakurudishia nyingi” ningewafukuza. Lakini walinipa kazi. Nilikuwa naweka kengele ya simu. Mara moja nilimwacha mteja amesimama na pesa mkononi kwa sababu saa tisa ilikuwa imefika. Mtu aliyeihangaikia faida haoni kuwa amepewa bure, anaona ameichuma.

Kulikuwa na ngazi pia. Ukileta watu watatu unapata kamisheni, ukileta kumi unaitwa kiongozi, na kiongozi hupelekwa hotelini Nyali kupiga picha na keki. Wale waliopigwa picha na keki wengi ni watu wazuri.

Na kulikuwa na neno “halali”. Hili ni la kwetu Pwani na sitaki kulipita. Kila mtu Mombasa anajua riba ni haramu, kwa hiyo wakuu wa kundi walikuwa na jibu tayari: hii si riba, hii ni biashara, mtu ananunua na kuuza. Walikuwa na ujumbe wa sauti uliosambaa wenye Bismillahi mwanzo na dua mwisho. Bara ya Kenya, wakati wa mifumo ya piramidi ya 2006 na 2007, ile ya kuwalipa wa kwanza kwa pesa za wanaofuata, utapeli ulivaa suti ya kanisani. Tanzania, upatu wa DECI ulipofungwa mwaka 2009, watu walikuwa wanaambiana wamepanda mbegu na wanangoja kuvuna. Hapa umevaa kanzu. Utapeli huvaa nguo ya mwenye nyumba.

Aliyejaribu kunitoa ni mzee mmoja wa barazani kwetu Mji wa Kale, karani mstaafu wa kuhesabu mizigo Kilindini. Tulikuwa tunakunywa kahawa chungu baada ya Isha, mimi nikabonyeza msimbo wangu wa saa mbili mbele yake. Akauliza ni nini. Nikamweleza kwa fahari.

“Kwa siku wapata ngapi kwa mia?”

“Mbili, ami.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Hata siku bei imeanguka?”

Nikamwambia mtambo una akili, unajua kupanda na kushuka. Akasema yeye hajui akili ya mtambo, lakini katika miaka yake gatini hajaona mfanyabiashara asiyepata hasara hata Jumatatu moja, na kwamba faida iliyofungwa namna hiyo, isiyojua hasara, ndiyo hiyo hiyo riba niliyodhani nimeikimbia. Kisha akaniambia nitoe simu tupige hesabu. Tuanze na shilingi 10,000, mbili kwa mia, kila siku, bila kutoa.

Siku thelathini: shilingi 18,100 na ushei. Nikatabasamu.

Mwaka mmoja: zaidi ya milioni 13.7.

Miaka miwili: karibu bilioni 19.

Miaka mitatu: shilingi trilioni 26. Uchumi mzima wa Kenya, kila kiwanda, kila shamba la chai, bandari yake na benki zake zote, hautoi kiasi hicho kwa mwaka. Na haya yote kutokana na elfu kumi ya mtu mmoja wa Mwembe Tayari.

“Sasa,” akasema mzee, “nani atakulipa?”

Nikamjibu nitatoa kabla ya hapo. Akapuliza kahawa yake. “Kila mmoja wenu ndivyo asemavyo, babangu. Mkisema hivyo nyote, basi kuna watakaochelewa.” Nikaudhika. Nikamwona mzee wa zamani asiyejua mambo ya sasa.

Baadaye, nilipokuwa natafuta pa kuweka uso wangu, nilisoma habari za Charles Ponzi, yule wa Boston mwaka 1920 ambaye jina lake ndilo utapeli huu unaitwa kwalo. Aliahidi asilimia 50 kwa siku 45. Ukipiga hesabu kwa siku, inakuja kama asilimia 0.9. Yaani mimi na simu yangu ya kisasa niliamini ahadi iliyozidi mara mbili ile ya mtu ambaye jina lake limekuwa tusi.

Soko la kweli la sarafu hizi, kwa wasiolijua, halina adabu kabisa. Bitcoin ilikaribia dola 69,000 mwezi Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye, soko la FTX lilipofilisika, ilikuwa chini ya dola 17,000. Mwanzilishi wa FTX, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa miaka 25 jela Machi 2024. Kitu kinachoruka na kuanguka hivyo hakiwezi kukulipa mbili kwa mia kila jioni kama mshahara wa dei. Laini iliyonyooka kupanda ndiyo iliyopaswa kunitisha, na mimi ndiyo iliyonituliza.

Khalati, dada wa mama yangu, aliingia Julai. Hili siwezi kulisema haraka na siwezi kulisema polepole. Khalati anauza mahamri na mbaazi Kibokoni, anaamka saa tisa za usiku, na alikuwa na zamu yake ya mchezo: wanawake kumi na wawili, elfu tano kila mmoja kwa mwezi, kwa hiyo zamu yake ilikuwa shilingi 60,000. Alitaka friza. Akaja dirishani kwangu akaniuliza, “Mwanangu, ile yenu na binamu yako, ni ya kweli?”

Nami nikamwonyesha ujumbe wa M-Pesa wa ile 5,000.

Sikumdanganya. Nilifanya alichonifanyia binamu: nilitoa ushahidi wa kweli wa jambo la uongo. Ndiyo sababu wanakuachia utoe mwanzo. Wanakulipa upate kuwa shahidi. Nilisikia watu wakishauri kwamba ukitaka kujua apu ni ya kweli, jaribu kutoa kidogo. Ushauri huo uliniua. Kutoa kidogo kunathibitisha tu kwamba zamu yako haijafika.

Septemba, wiki ya pili, kitufe cha kutoa kikabadilika rangi kikawa kijivu. Kundini wakaandika kuwa mfumo unaboreshwa. Siku ya tatu wakaandika kuwa akaunti zinakaguliwa kwa ajili ya kuzuia utakatishaji wa pesa, na kwamba kila mwenye akaunti aweke dola 100 za uhakiki, zitarudishwa pamoja na salio lake ndani ya saa 48. Dola 100, karibu shilingi 13,000. Nilikumbuka CBEX. Nilikumbuka kikombe changu cha chai cha Aprili. Na bado, jamani, nilikaa na simu mkononi nusu saa nzima nikifikiria kulipa. Kuna waliolipa. Binamu alilipa. Kisha kundi likafungwa, viongozi wakageuka namba zisizopatikana, na pikipiki ikauzwa mwezi uliofuata.

Akaunti ya khalati siku hiyo ilisoma dola 1,525. Yangu sitaki kuisema. Nilichopoteza kwa kweli, ukiondoa ile 5,000, ni shilingi 45,000. Namba nyingine zote zilikuwa rangi kwenye kioo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, wakimaanisha tuheshimu kazi ya fundi. Mimi sasa naisoma kinyume: salio lililokuwa linaelea pale lilikuwa na fundi wake pia, kijana mahali fulani aliyeandika kwamba kila ukibonyeza, namba ipande.

Nilifanya uchunguzi ambao ningepaswa kuufanya Juni. Nauandika hapa kwa urefu kidogo kwa sababu hauhitaji utaalamu, unahitaji saa moja na intaneti.

Kwanza bei. Nilikuwa na picha ya kioo ya biashara ya saa mbili usiku, Bitcoin ikipanda ndani ya apu. Nikatafuta bei ya Bitcoin ya dakika ile ile kwenye tovuti nyingine za bei zisizohusiana nao. Kote ilikuwa inashuka. Soko lao lilikuwa katuni.

Pili, cheti. Walikuwa wametutumia cheti cha kusajiliwa kampuni Uingereza, na sisi tukakiheshimu kama hati ya kiwanja. Kusajili kampuni Uingereza, hadi mwaka 2024, kulikuwa kunagharimu pauni 12 mtandaoni. Kusajiliwa ni kuandikwa jina. Leseni ya kupokea pesa za watu ni kitu kingine kabisa, na wao hawakuwa nayo popote.

Tatu, nyayo. USDT tuliyokuwa tunatuma ilipita kwenye mtandao wa Tron, ambao anwani zake huanza na herufi T, na kila muamala wake unaonekana na yeyote kwenye tovuti ya Tronscan. Nikabandika anwani niliyopewa. Pesa yangu ilikaa pale dakika chache, ikahamishwa kwenye pochi moja kubwa, yaani akaunti ya kuwekea sarafu, ambako vijito kama vyangu vilikuwa vinamwagika mchana kutwa. Hilo peke yake si hoja, maana hata masoko halali hukusanya pesa za wateja mahali pamoja. Ila nilifuata na ile 5,000 yangu, ile iliyonifanya nisimame na kufuli mkononi. Ilitoka kwenye pochi ile ile, saa ambayo amana ndogondogo zilikuwa zinaingia. Nililipwa kwa pesa za mtu aliyeweka siku hiyo. Na pochi ile ilikuwa inamwaga mafungu makubwa kuelekea anwani ambazo hazikurudisha hata senti. Nilikaa nikatazama. Mahali fulani kwenye foleni ile mna mahamri.

Angalau kulikuwa na nyayo. OneCoin, sarafu ya uongo ya Ruja Ignatova wa Bulgaria, iliyoanza 2014 na kukusanya zaidi ya dola bilioni 4 duniani, haikuwa hata na mnyororo wa kweli wa kumbukumbu (blockchain) nyuma yake. Ilikuwa namba walizoziandika wenyewe. Yeye alipanda ndege Sofia kwenda Athens Oktoba 2017 na hajaonekana tena, na tangu 2022 yumo kwenye orodha ya FBI ya watu kumi wanaosakwa zaidi.

Kinachowauma wateja wangu ni kwamba hakuna wa kumpigia simu. Ukituma M-Pesa kwa namba isiyo sahihi, unapeleka ule ujumbe kwa 456 na kuna nafasi, ikiwa mwenzio hajazitoa. Tumelelewa na 456. Tumezoea kwamba pesa ikipotea njia kuna mtu nyuma ya meza anayeweza kuishika shati. Kripto haina 456. Muamala ukishathibitishwa umethibitishwa, na huo ndio uzuri wake kwa wanaoupenda, maana hakuna wa kukuzuilia pesa zako. Ubaya wake ni huo huo, ukitazamwa kutoka upande wangu wa dirisha.

Dirishani hapo nimeona na mengine, nitayapitia mbio. Kuna kijana wa Kisauni aliyeuza USDT zake mtu kwa mtu, mnunuzi akamtumia ujumbe wa M-Pesa ulioandikwa sawasawa hadi nukta ya mwisho, naye akaachilia sarafu. Ujumbe ulikuwa bandia. Usisome ujumbe, bonyeza *334# uangalie salio lako, hata kama mnunuzi anakuhimiza na kukuita bro mara kumi. Kuna na wale wanaolipa kweli, wakishapata sarafu wanaomba muamala urudishwe kana kwamba walikosea namba. Na jina la aliyelipa lisipofanana na jina la uliyekubaliana naye, zirudishe, kwa sababu huenda ni pesa za mtu aliyetapeliwa kwingine na asubuhi laini yako ndiyo itafungwa.

Kuna mwalimu aliyeniletea karatasi yenye maneno yake 12 ya siri ya pochi nimpigie picha, ampelekee “huduma kwa wateja” wa Telegram aliyemwomba. Nilimkunjia karatasi nikamrudishia. Maneno yale ni pochi yenyewe. Anayeyaomba anaomba pesa, na hakuna huduma kwa wateja yoyote duniani inayoyahitaji.

Na kuna mapenzi. Mtu anakuandikia kwa kukosea namba, mnaelewana, wiki zinapita, hakuombi chochote, halafu siku moja anakuonyesha anapowekeza. Nilikuwa nawachukia watu hao kwa moyo wote mpaka nilipofuatilia habari za vijana wa Kenya waliookolewa Myanmar mapema 2025. Walikuwa wameahidiwa kazi Thailand, wakavushwa mpaka, wakafungiwa kwenye majumba wakilazimishwa kuandika jumbe hizo hizo za mapenzi usiku kucha. Mji huu unajua vijana wanaokwenda ng’ambo kutafuta kazi. Huenda anayekuita “mpenzi” kwa Kiingereza cha kuungaunga ni mtoto wa mtu wa Likoni, na amesimamiwa kichwani.

Sheria? Benki Kuu ya Kenya ilitoa tahadhari tangu Desemba 2015 kwamba sarafu hizi hazina kinga ya serikali. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2025, rais alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, ikaanza kutumika Novemba, na sasa kampuni za kazi hii zinatakiwa kupata leseni chini ya Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria ilifika wiki chache baada ya pesa zetu kuondoka. Bahati yetu ndiyo hiyo. Lakini ina faida moja ya papo hapo. Sasa lipo swali ambalo halijali aliyekuambia ni nani, binamu, imamu au bosi wako: leseni iko wapi, na Benki Kuu au Mamlaka wanaijua? Ukiulizia huko na jina halipo, mazungumzo yamekwisha, na hujamvunjia mtu heshima. Ningekuwa na swali hilo Juni, nisingelazimika kuchagua kati ya hesabu ya mzee na uso wa binamu.

Tuliripoti kituoni. Afisa alikuwa mpole, aliandika yote, akaniuliza mshukiwa ni nani. Nikafikiri sana. Nikiangalia mnyororo wa walioingizana, mshukiwa aliye karibu zaidi na khalati yangu ni mimi.

Binamu hazungumzi nami tangu Septemba. Si kwa hasira. Tukikutana msikitini anaangalia viatu. Nimemwandikia mara mbili. Yeye aliingiza watu kumi na wanne, mimi wawili, na nadhani kila mmoja wetu anamwona mwenzake na kuhesabu.

Khalati namlipa elfu tatu kwa mwezi. Hakuniomba, alikataa miezi miwili ya kwanza, wa tatu akapokea kimya. Mchezo wao waliendelea, na wenzake hawakujua hadi yeye mwenyewe alipowaambia, mbele yangu, huku anapindua mahamri, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya unga.

Wiki iliyopita akaja dirishani, kajifunika buibui lake, simu mkononi. “Hebu nisomee hii mwanangu, miwani nimeiacha.” Ilikuwa WhatsApp kutoka kwa mtu mwenye picha ya nembo ya mahakama, anasema yeye ni mwanasheria wa kurejesha mali za kidijitali, amezipata dola 1,525 za khalati, kamili, na anahitaji shilingi 6,500 tu za kufungulia. Walikuwa na jina lake, namba yake, na salio lake hadi dola ya mwisho, bila shaka kutoka kwa wale wale waliomwibia. Nikaanza kumweleza, moyo unanipiga, kwamba hawa ndio wanaokuja baada ya mazishi, asitume hata shilingi.

“Najua,” akasema. “Nimeshamjibu, soma hapo chini.”

Nikasoma. Alikuwa ametuma ujumbe wa sauti, nikauweka sikioni. *Babangu, Mungu akubariki kwa kuzipata. Sasa kwa kuwa unazo mkononi, kata hiyo elfu sita na mia tano yako humo humo, unitumie iliyobaki.*

“Kajibu nini?”

“Alama mbili za samawati,” akasema khalati. “Tangu Jumanne.”